Buti za Mlimani za Mama Glory

Haya, video mmeshaiona. Yule mwanamke aliyekaa ndani ya maji huku akifoka ni mimi, Mama Glory wa viatu, Kariakoo. Leo nimeaibika, sikatai. Lakini sikilizeni na upande wangu kabla Zubeda aliyenirekodi hajazidisha chumvi.

Wiki iliyopita nilifungua belo la mitumba nikakuta buti za mlimani tupu. Safi! Nyingine hata soli hazijachafuka (hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nani anaishtukia bahati?). Na sisi kina mama wa uchochoro wetu tulikuwa tumepanga safari ya kwenda na kurudi Morogoro, kuona maporomoko ya maji kule milimani. Nikawaambia, "Mashoga zangu, mlima haupandwi na raba." Wakanunua wote. Hata Bhavna, jirani yangu wa vitambaa, ambaye kumuuzia kitu yataka kwanza ufunge na kusali, alinunua.

Leo asubuhi tukapanda treni ya umeme. Njia nzima nikawapa somo. Mimi Mchaga, nikawaambia, kwetu ni Kilimanjaro, mlima wa volkano, moto chini, theluji juu. Hivi vilima vya Morogoro kwangu ni ngazi za ghorofani tu.

"Si ulizaliwa Ilala wewe?" Bhavna akauliza.

"Damu haikuzaliwa Ilala!"

Behewa zima likageuka kunitazama. Sikujali.

Mwongozaji wetu, kijana mmoja anaitwa Mkude, akatupokea. "Shikamooni mama zangu." "Marahaba!" Akatutazama miguuni, akafurahi. "Leo nimepata wapandaji wenyewe!" Nikamkazia Bhavna macho mpaka akatazama pembeni.

Hata hatujafika mbali, Zubeda, yule muuza vyombo, akasimama.

"Mama Glory, kiatu changu kinafungua mdomo."

"Unaburuza miguu. Nyanyua!"

Kidogo tu, cha Bhavna. Soli inaning'inia. Nikamwambia, "Wewe umezoea kukaa kaunta, mguu umesahau kazi." Kikafuata cha mwingine, na cha mwingine. Nikalaumu mawe. Nikalaumu udongo wa Morogoro. (Hata uzito wa Zubeda niliutaja. Mungu atanisamehe, Zubeda sijui.) Mkude akachana magome ya mgomba, akawafunga viatu kama anafunga mizigo ya sokoni. Wakaendelea kupanda, wamenuna, wananong'ona.

Na mimi minong'ono ya Kariakoo naijua. Pale jina ndilo linalouza. Ukishaitwa muuza viatu vibovu, hata malapa hutauza, na hilo duka ndilo linalosomesha wanangu.

Bahati yangu, buti zangu zilikuwa bado nzima. Huo ndio ulikuwa ushahidi! Tulipofika kwenye maporomoko, maji yanaunguruma, ubaridi unatupiga usoni, nikaona hapa ndipo pa kuliokoa jina. Nikampa Zubeda simu. "Nirekodi." Nikapanda juu ya jiwe kubwa, nikatanguliza mguu kama niko kwenye tangazo la biashara.

"Mama, hapo panateleza," Mkude akasema.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa volkano!" Nikaigeukia kamera. "Kiatu hakina kosa! Kosa ni la mvaaji! Tazameni hiki changu, kimepanda mlima mzi..."

Sikumaliza. Mguu wa kulia uliondoka, soli ikabaki kwenye jiwe. Nikakanyagia wa kushoto ili nisianguke. Soli yake nayo ikabaki. Nikateleza na soksi, puu! Nikakaa ndani ya maji mpaka kifuani, wigi limegeukia nyuma. (Lile mlilosikia si yowe. Ni baridi.) Soli moja ikachukuliwa na maji, ikapita taratibu mbele ya wateja wangu wote, nao wakaisindikiza kwa macho.

Ndipo Bhavna, ambaye hacheki hata siku ya sikukuu, akasema, "Mama Glory, nyanyua miguu!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mkude akaja kunivuta huku uso kaugeuzia porini, lakini mabega niliyaona yanavyotikisika.

Nimeshuka mlima na malapa ya Mkude. Kwenye treni nimejifunga khanga ya Zubeda, sura nimeikunja. Kabla hatujaingia Dar, video ilishafika mtaa wa Gerezani, ikafika Ilala, ikafika mpaka kwa mchungaji wangu. Ameniandikia "Pole mama", halafu akashindwa kujizuia, akaweka na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi.

Sasa nasema hivi. Zile buti zimekaa kwenye maghala ya Wazungu mpaka soli zikaoza kimyakimya. Sikuzishona mimi. Lakini nimeziuza mimi, tena kwa maneno mengi. Kwa hiyo kesho kila aliyenunua aje achague raba anayoitaka rafuni, bure, na Bhavna awe wa kwanza. Buti zilizobaki nazitupa. Duka nafungua asubuhi kama kawaida, na sijifichi nyuma ya kaunta.

Mnaotaka kucheka, chekeni barabarani. Ndani ni kwa wateja.