Bundi Mwenye Vifungo

Jumatatu, 24 Novemba
Baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri. Mkutano wa chama chetu cha watazama ndege. Tellervo, mwenyekiti na muuguzi mstaafu, katangaza: atakayeona ndege bora kabla ya mwezi kwisha atatunza ufunguo wa kibanda cha hifadhi ya msitu hadi masika. Ufunguo anao yeye mwaka wa sita huu! Kibanda kina jiko la kuni na dirisha la kutazamia kinamasi. Kwangu, tangu mke wangu Helmi afariki, hata saa ya ukutani naona inanisengenya. Nautaka ule ufunguo.
Ndege nilioona mwezi huu: kunguru. Na kunguru mwingine. Huenda ni yuleyule.

Jumanne, 25 Novemba
Nimetundika soseji msituni kuvutia ndege adimu. Akaja mbwa wa mtu.
Nikapita kibandani. Daftari la chama liko barazani, wazi. Mkono ukaandika wenyewe: "Bundi mkubwa wa kijivu, kaskazini mwa kinamasi. Aarne Kettunen." Mwandiko mzuri sana.

Jumatano, 26 Novemba
Balaa! Tellervo kapiga simu. Watu tisa wanakuja Jumamosi kumwona bundi wangu, mmoja anatoka Oulu, mwendo wa saa tatu. Akauliza macho yake yalikuwa ya rangi gani. Nikasema alikuwa amelala. Kisha: "Amelala, eh? Haya."
Mchana kutwa nimeshona bundi. Kofia yangu ya manyoya, vifungo viwili vya koti, mdomo wa kipande cha boksi la maziwa. Nimemweka kabatini. Nilipofungua kuchukua sukari, nikapiga kelele. Kazi safi!

Alhamisi, 27 Novemba
Nimeburuta ngazi kwa kigari cha theluji mpaka kwenye msonobari. Bundi nikamfunga vizuri. Kushuka, kipago cha ngazi kikavunjika. Nikatua kinamasini, barafu ikapasuka, mguu ukazama hadi pajani.
Nani atokee na skii zake kama si Tellervo? "Aarne wewe! Unatafuta nini humo?" Nikasema nafanya utafiti. Akanivuta kwa fimbo yake huku akinguruma: utafiti gani huo wa kutumia paja, mzee mzima!
Kibandani akanivua soksi kama mtoto, akazianika, akanipashia supu ya njegere. Nikaanza kujieleza kuhusu ngazi. Akanikata: miguu kwanza, maneno baadaye. Hapo ndipo ningetubu. Nikaomba haradali ya kutia kwenye supu.

Jumamosi, 29 Novemba
Wote tisa wamefika, na Tellervo. Nikawaongoza kwa madaha. Nikatazama juu ya mti. Kofia haipo! Nikafungua kinywa nikiri mbele ya wote. Yule wa Oulu akanong'ona: "Yule pale!"
Bundi. Wa kweli. Mkubwa kama pipa, juu ya mti wa pili! Darubini zote juu. Yangu ilikuwa nyeupe, pumzi yangu imeganda kwenye vioo. Nikaifuta kwa glavu, ikazidi. Ilipong'aa, tawi tupu lilikuwa likitikisika. Wamemwona wote isipokuwa mimi. Wakanipa mkono. Mmoja alilia.
Tellervo akanivuta pembeni, akatoa kofia yangu mkobani, vifungo vyake vinanikodolea. "Vaa, masikio yameiva." Alimshusha yule bundi wa kofia asubuhi, kabla ya watu. Alijua tangu niliposema amelala. Kisha akanitia kiganjani ufunguo mpya, kauchongesha jana. Kibanda kina viti viwili, akasema. Ungeniomba tu, ningekupa tangu mwaka juzi.
Nilitaka kusema asante. Nikasema ile haradali ilikuwa nzuri. Akasema, naam, karibu tena.

Jumapili, 30 Novemba
Nashukuru kwa mguu wangu. Kwa supu. Kwa mwanamke aliyepanda mti, na miaka yake sabini na mbili, ili nisiaibike. Tumekaa dirishani hadi giza, hatukuona hata kunguru, na siku ndefu kama hiyo sijaifurahia tangu Helmi. Nimeapa: uongo basi!
Jioni kapiga simu yule wa Oulu. Januari wanachama wapya mia moja wa chama chao wanahitaji mtaalamu wa kuwafundisha jinsi ya kumtambua bundi anaporuka. Nikasema ngoja nitazame ratiba yangu.
Nimeitazama. Nina nafasi.