Mwombaji wa Norwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Redio mpya ya Bungoma inatafuta mhariri wa habari. Aliyesema ni Phelista, mhariri wa gazeti letu hapa Kitale, saa tatu na dakika kumi, akisoma tangazo kwa sauti na kututazama kwa zamu, mimi na mwenzangu Ngige. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa.

Miaka ishirini na miwili nimeandika habari za mahindi na za barabara ya Moi's Bridge. Kwetu ni Bungoma. Mama anaishi huko peke yake. Nimekaa dirishani nikaiona ofisi yenye veranda, reli mbele yake, garimoshi likipita taratibu, mimi nikinywa chai bila haraka. Garimoshi halipiti sana siku hizi. Kwangu limepita mara tatu kabla ya saa tano.

Saa sita Ngige amependekeza tuape kwamba hakuna atakayeomba. Ati tukiondoka, Phelista atabaki na paka. Tumeapa juu ya mandazi. Nimeapa wa kwanza, nimalize mapema.

Jumanne, 10 Juni

Tatizo: ofisi ina kompyuta moja, nayo haisahau. Mwaka jana niliitumia kutafuta jinsi ya kuficha mvi. Wiki nzima, kila Ngige alipoifungua, alikutana na matangazo ya rangi ya nywele. Akaniita Mzee Lami hadi Krismasi.

Derrick, fundi wa simu kule sokoni, ameniwekea kwenye simu yangu kivinjari kipya kiitwacho Ukungu. Nimemhoji kama shahidi. Amethibitisha mambo matatu: matangazo hayakufuati, ukikifunga kinasahau kila kitu, na anayekutafuta ataona uko nchi nyingine kabisa. Nimeuliza nchi gani. "Hapo ni bahati yako, mzee." Amenishauri pia nizime simu nisipoitumia.

Nimekifungua. Kulingana na Ukungu, niko Norwe.

Jumatano, 11 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mlima Elgon haujaonekana.

Nimejaza fomu ya redio nikiwa stoo, juu ya magazeti ya mwaka 2009. Kurasa sita, saa mbili. Phelista ameita, nikafunga. Nimerudi: hakuna kitu. Ukungu umesahau, kama ulivyoahidi. Siwezi kuulaumu. Nimejaza tena, nikafunga kwa mazoea. Mara ya tatu nimetuma, saa kumi na dakika arobaini. Mdhamini nimemweka Mchungaji Nakhungu wa kanisa la Mama. Mtu mwema, wala hajui mambo ya mitandao.

Kisha nimesoma kuhusu nchi yangu mpya. Kaskazini mwa Norwe, mwezi huu, jua halizami. Nimejiona katika barabara nyeupe, kivuli changu kirefu mbele yangu, hakuna anayeniuliza gunia la mahindi limefika wapi. Jioni nimepita mtaa wa Kipsongo kwa miguu bila kusikia kelele. Madimbwi yaling'aa kama barafu. Nimekanyaga moja. Si barafu.

Jumapili, 15 Juni

Simu nimeizima tangu Ijumaa. Hakuna anayejua niliko. Nimelala mchana kutwa nikielea juu ya mashamba, juu ya reli, hadi mahali ambapo jioni haifiki.

Jumatatu, 16 Juni

Habari imejulikana kwa mpangilio ufuatao. Alhamisi, Linah, afisa wa ajira wa redio, alimpigia Mchungaji Nakhungu. Aliuliza kama anamfahamu Absalom Wamalwa aliyeomba kazi akiwa Norwe. Mchungaji hapendi kuonekana hajui habari za kondoo wake. Alijibu kwamba ananifahamu sana na kwamba huniombea kila siku huko niliko. Jana alitangaza kanisani ya kuwa mtoto wetu ameona ng'ambo. Makofi. Mama alisimama kupokea pongezi. Alinipigia, simu imezimwa. Leo asubuhi kapiga ya ofisi.

Aliyepokea ni Ngige. Aliposikia nipo Kitale, Mama ameona nimerudi mara moja tu, akamwagiza aniage vizuri kabla sijaondoka tena.

Amenikumbatia. "Si ungesema tu, bana! Norwe!" Kisha akaeleza kwamba mtu akienda Ulaya, kiapo cha mandazi kinakufa chenyewe, na kwamba kwa bahati nzuri yeye alishaomba kazi ya Bungoma tangu Alhamisi. Sikukasirika. Kukasirika ni kukiri.

Phelista ameuliza ndege ni lini, apange ukurasa. Nimesema tarehe haijathibitishwa. Hilo ni kweli.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Bungoma kumwambia Mama ukweli. Nimeandaa sentensi moja, fupi, nikaikariri nyuma ya bodaboda hadi mlangoni.

Mama alikuwa amevaa gauni la kanisa. Jirani yetu Phanice alikuwa amekaa tayari, akitaka kujua kama Norwe wanachukua wauguzi na kama huko mtu hupata ugali. Nimesema ninachunguza. Mama ametoa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Amesema mtoto wake haingii nyumba ya watu mikono mitupu. Jogoo ni wa wenyeji wangu huko. Nisimchinje, nisimuuze, nisimwachie mtu. Nimemwambia ndege hazikubali kuku. Amesema nimfunike vizuri.

Halafu amenishika mkono. Ati angefurahi zaidi kama ningepata kazi karibu, lakini hataki kunifungia njia.

Sentensi yangu nimerudi nayo Kitale. Na jogoo.

Alhamisi, 19 Juni

Linah ameandika. Wamechaguliwa watatu: wawili wa hapa na mmoja wa ng'ambo. Bodi, anasema, imeguswa sana na mtu anayetaka kuiacha Norwe arudi kuwatumikia watu wa kwao. Wenzangu wataitwa Bungoma. Mimi, kwa sababu ya umbali, nitahojiwa kwa video. Ngige ni mmoja wa wale wawili. Amenunua tai. Amenionyesha, akanihurumia kwamba sitakuwepo kuiona ikifanya kazi.

Nimetafakari somo la siku hizi kumi. Somo ni kwamba Ukungu unafanya kazi.

Matayarisho. Shuka jeupe limetundikwa ukutani. Saa ya ukuta imerudishwa nyuma kwa saa moja. Skafu, ya kuazima. Nyaruai wa saluni ya ng'ambo ya barabara amenipa taa yake kubwa, iwe lile jua lisilozama. Nimeijaribu saa kumi jioni. Chumba kimejaa mwanga mweupe, nikasimama katikati yake muda mrefu, sina uzito, sina jina, karibu nisikie garimoshi. Jogoo akawika mara saba. Inaonekana akiona mwanga hudhani ni alfajiri.

Nimemhamishia bafuni. Chini ya mlango kuna upenyo wa mwanga, lakini mdogo. Nimemweleza kinachotakiwa. Amenitazama kwa jicho moja, akanyamaza. Ana uaminifu kuliko Ngige.

Usaili ni kesho, Ijumaa, tarehe 20 Juni, saa nne kamili asubuhi. Saa tatu, kwetu Norwe.