Mizani ya Kuingia Mjini

Kiyoyozi hakuitwa hivyo kwa ubaridi wa tabia. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimpa nafasi ya kusema, jasho linakukauka, moyo unatulia, na ukija kushtuka umebaki na nguo zako tu, tena unamshukuru. Asubuhi moja alikuwa kwenye baraza ya fundi cherehani, huko kitongojini, anasubiri suruali ipunguzwe kiuno, aliposikia watu wakibishana nyuma ya ukuta wa jirani.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Kuna kikao," fundi alijibu bila kuinua macho. "Wanapanga kwenda mjini."

"Mji upi?"

Fundi alinyoosha mkono wenye mkasi. Juu ya mabati ya majirani maghorofa ya mjini yalionekana vizuri kabisa. Ukiacha chai mezani, ukashika barabara kuu, ukaendesha kwa adabu zako zote, unafika kule kabla chai haijapoa.

"Wana gari zima, zuri, tangu mwaka jana," fundi aliendelea. "Halijawahi kuvuka geti."

Kiyoyozi akasahau habari za suruali.

Mwenye gari aliitwa Bwana Stoo. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mablanketi mpaka alipostaafu, na alistaafu na tabia zote za stoo: kitu kikiingia hakitoki. Gari alilinunua kwa kiinua mgongo chake, likaletwa nyumbani na aliyemuuzia, naye akalifunika shuka la maua. Kila Jumapili alilifunua, akaliwasha, akalisikiliza, akalizima, akalifunika tena. Leseni alikuwa nayo. Alichokiogopa ni barabara kuu, ile lami pana ambako malori hupita yakivuma, lakini kusema anaogopa, thubutu! Alisema mipango haijakamilika. Woga wa wanaume wa aina hii una heshima zake jamani. Unavaa miwani na kuitisha kikao.

Aliyekuwa anaumia ni mkewe. Majirani walimpachika jina la Mama Gari, na kila alipopita na kapu lake la sokoni, kwa miguu, walimsalimia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Shikamoo Mama Gari! Gari halijambo?" Hayo aliyamudu. Lililomshinda ni la mdogo wake, aliyeolewa mjini na tangu hapo akaota mapembe. Mdogo mtu alikuwa amealika wageni Jumamosi, akapiga simu: "Dada, na wewe uje. Nauli nitakutumia. Maana hilo gari lenu sijui mlilinunua au mlilizika."

Mama Gari alikata simu akaapa. Jumamosi ataingia pale akiwa ndani ya gari lake, au hatakanyaga tena kwa mdogo wake mpaka anaingia kaburini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika kiapo, usingizi ulikuwa umemhama.

"Hodi wenyewe!" Kiyoyozi alikuwa keshafika getini, tabasamu mbele, shati jeupe, viatu vinang'aa. "Samahanini wazee wangu. Nilikuwa napita, nikasikia neno barabara kuu, miguu ikagoma."

"Wewe ni nani?" Bwana Stoo aliuliza. Alikuwa na kalenda ya ukutani aliyoigeuza nyuma na kuichorea ramani, yenye mishale mingi kuliko ya vita.

"Mimi ni mtaalamu wa kupanga safari fupi."

"Na ndefu je?"

"Ndefu mtu yeyote anapanga, mzee. Fupi ndiyo inayomaliza watu. Wanaidharau."

Bwana Stoo alimgeukia mkewe kwa macho ya mtu aliyeteseka kwa ajili ya ukweli na leo ameletewa shahidi. "Umesikia? Umesikia lakini?"

Kiyoyozi aliisifu ramani. Aliisifu kona kwa kona, na ukiona mtu anasifiwa ujinga wake mpaka anatoa kiti, ujue kazi imebaki ndogo. Kisha akashusha sauti.

"Mzee, na mizani mmejipangaje?"

"Mizani gani?"

"Ile ya barabara kuu."

Sasa, mizani ipo kweli. Ni ya malori. Yanapanga foleni, yanapimwa kama yamezidisha mzigo. Magari madogo yanapita pembeni na hakuna anayeyatazama. Hata mbuzi wanaochungwa kando ya lami wanajua hivyo. Lakini Bwana Stoo alikuwa hajui, na mtu asiyejua akiwa na miwani huona aibu kuuliza.

"Mji umejaa, mzee wangu," Kiyoyozi alisema kwa huzuni. "Kila kinachoingia siku hizi kinapimwa. Unalipa kwa kilo."

"Kwa kilo!" Bwana Stoo alishika kifua. Mtu angemwambia nyumba inaungua asingetoa sauti ile.

"Kwa kilo. Ila kila kufuli na ufunguo wake. Abiria wanashuka kabla ya mizani, na mizigo yao yote, wanapita pembeni kwa miguu. Gari linapimwa likiwa jepesi, lina dereva peke yake. Dereva awe mwembamba." Akageuka ubavu ili waone vizuri.

Mama Gari hakuvutiwa na ubavu. "Na wewe unataka nini kwetu?" aliuliza.

"Lifti tu, mama. Na mimi nina safari ya mjini."

Mama Gari alimtazama toka viatu mpaka kichogo. Mtu asiyetaka kitu alikuwa hajawahi kumwona, hata msibani. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, mume alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu neno mjini litajwe, na yeye alikuwa na kiapo shingoni. Akakubali. Kiyoyozi naye akaenda zake kumpigia simu muuza spea mmoja wa mjini, mwenye ua wa kuta ndefu ambamo gari huingia zima likatoka vipande.

Jumamosi ilipofika alimkuta Bwana Stoo amevaa fulana, jasho linamtoka. Tairi la akiba lilikuwa limetolewa. Jeki imetolewa. Mazulia, redio, hata kisahani cha majivu ya sigara, vyote vimepangwa barazani kama vinanadiwa.

"Baba watoto, injini utaiacha?" Mama Gari aliuliza. Alikuwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote, na uvumilivu ulikuwa umemfika puani.

"Injini nimeifikiria," Bwana Stoo alijibu bila utani.

Kiyoyozi alisikitika kidogo kwa ajili ya redio, maana ilikuwa na bei yake, lakini akamezea. Kwenye buti aliona kapu la zawadi na dumu la njano lililofungwa mdomo kwa nailoni. Washamba na maji yao ya safari, alicheka kimoyomoyo, akaketi kwenye usukani.

"Mbona mshale wa mafuta umelala?"

"Ulikufa kitambo huo. Usiutazame. Twende kabla sijabadili mawazo."

Wakatoka. Mama Gari alishusha kioo mpaka chini, akaitoa mbavuni hewa yote ya mwaka mzima, akawasalimia majirani mmoja mmoja. Wengine walisahau kuitikia. Barabara kuu walipoishika, Bwana Stoo alishika dashibodi kwa mikono miwili akaanza kupiga kelele: "Lori! Lori hilo! Mungu wangu, lori!" Lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa, na dereva wake yuko chini yake amelala.

Mizani ilikuwa kama ilivyo siku zote. Malori foleni, na madereva na matingo wao kivulini wanapiga soga, spana za tairi miguuni. Kiyoyozi alisimamisha gari pembeni bila kuzima injini.

"Ndiyo hapa. Shukeni na kila kilicho chenu. Mkishalipita lile jengo mtanikuta mbele nawasubiri."

Bwana Stoo alishusha kapu, akashusha na dumu, akilikumbatia mwenyewe. Kisha akainama dirishani. "Kijana, mfukoni una nini?"

"Simu tu, mzee. Na pochi."

"Vina uzito. Lete. Na viatu."

"Viatu?"

"Soli nene hizo. Unataka kunifilisi?"

Kiyoyozi aliwaza haraka. Mtu aliyeshika usukani wa gari zima hagombanii viatu. Jioni hiyo hiyo angenunua jozi kumi. Akavua, akatoa, akakabidhi, na Mama Gari akavitia vyote kwenye mkoba wake mkubwa.

Wakaanza kutembea pembeni ya barabara, mume na dumu, mke na kapu. Kiyoyozi akatia gia. Alipita mizani, na kama kawaida hakuna aliyemtazama. Akalipita jengo. Watu wakimlaghai mtu husema wamemuingiza mjini. Hawa wawili yeye alikuwa anawaingiza mjini huku akiwaacha nje yake. Wazo hilo lilimfurahisha mpaka akaanza kuimba, akabonyeza mafuta kwa mguu mtupu.

Gari likakohoa.

Likakohoa tena, likajivuta, likanyamaza. Kiyoyozi alizungusha ufunguo. Akabembeleza, akatukana, akashuka kusukuma. Kokoto zilimchoma nyayo akarukaruka kando ya lami, anashika mguu huu, anashika ule. Angekimbia angeweza kuwa na maisha mengine, lakini tamaa haikumruhusu kuliacha gari, na nyayo hazikumruhusu kwenda popote. Alikuwa bado anarukaruka alipowaona wanakuja.

"Hesabu yangu!" Bwana Stoo alipaza sauti kwa furaha kutoka mbali. "Imefika pale pale! Nilitoa mafuta yote asubuhi nikarudisha kwa kikombe, ya kufikia mizani na tone la kuvukia. Petroli ni nzito, kijana. Mtaalamu mzima hiyo hukuifikiria?" Akalipiga dumu kofi la upendo, akazunguka nyuma ya gari kumimina.

Mama Gari hakuzunguka. Alikuja mpaka aliposimama Kiyoyozi, akaongea kwa sauti ndogo.

"Umelipita lile jengo huku unaimba."

"Mama, nilikuwa natafuta pa kuegesha—"

"Nyamaza. Ulisema unataka lifti tu, sivyo? Unawaona wale wa malori pale? Na spana zao? Nikiita mwizi mara moja tu, nani atakuuliza kama ulikuwa unatafuta pa kuegesha?"

Kiyoyozi aliwatazama. Midomo yake, ile iliyowapoza wafanyabiashara na wachungaji na ofisa mmoja wa benki, ilikauka.

"Mama, nisamehe. Sasa kwa nini hujaita?"

"Kwa sababu mume wangu akijua, hili gari litarudi chini ya shuka mpaka tuzikwe. Na mimi nina pa kufika leo." Alitoa viatu mkobani akavitupa miguuni kwake. "Vaa. Dereva wangu hatembei pekupeku. Tukifika utashuka wewe kwanza, utanifungulia mlango, utasema karibu mama. Kitambulisho chako kilicho kwenye pochi kitalala humu mkobani, na Jumamosi ijayo utakuja kunichukua. Na ile nyingine. Nikitaka sokoni utanipeleka sokoni."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nitosheke. Nimetembea kwa miguu mwaka mzima."

Bwana Stoo alirudi anapangusa mikono. "Mnapanga nini?"

"Ratiba," mkewe alijibu. "Kijana amekubali kuwa dereva wetu."

"Kwa mshahara gani?" Bwana Stoo alishtuka.

"Bure. Anapenda barabara."

Bwana Stoo alimshika Kiyoyozi bega, macho yamemlengalenga. "Vijana kama ninyi," alisema, "mmebaki wachache."

Wakaingia mjini. Wageni walikuwa wamekaa kwenye veranda gari liliposimama getini. Kiyoyozi alishuka, akazunguka, akafungua mlango. "Karibu, mama," alisema, na Mama Gari akashuka taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili, kama mtu ambaye hajawahi kuijua nauli. Mdogo wake alisimama na sinia la soda mkononi, akasahau kulitua. Mmoja wa wageni aliuliza huyu ni nani aliyekuja na dereva wake. Mdogo mtu ikabidi aseme: "Ni dada yangu. Mkubwa." Ndugu msomaji, kama hujawahi kumwona mtu akimeza shubiri mbele za watu, ungefaidi. Mama Gari alimbusu mashavu yote mawili na kulia kidogo, machozi ya kweli, kisha akaenda kuketi kiti cha mbele kabisa.

Baadaye, wengine walipokuwa wanakula, mdogo mtu alinyata mpaka kwenye gari. Alimkuta Kiyoyozi ameegemea mlango, mtanashati, mnyonge, shati jeupe lina mkunjo mmoja tu. Alitazama nyuma kama dada yake hamwoni.

"Kaka, dada yangu anakulipa kiasi gani? Taja tu. Mimi nitakupa mara mbili."

Kiyoyozi alifungua mdomo. Siku nyingine yoyote angetaja mshahara wa waziri, akapewa na kianzio, akatokomea. Lakini kitambulisho kilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa mapajani mwa Mama Gari, na kupitia dirishani Mama Gari alikuwa anamtazama huku anatafuna. Basi kwa mara ya kwanza tangu abalehe akasema kweli tupu.

"Hanilipi kitu, dada. Namwendesha bure. Mpaka atosheke."

Mdogo mtu alimpandisha macho, akamshusha, akafyonza.

"Mwongo mkubwa wewe," alisema, akarudi ndani.