Mikebe Minne Chini ya Kitanda

Leo nimejianika mbele ya wapangaji wote wa ploti yetu hapa mtaa wa Kiuu, na uso bado unaniwaka.

Mdogo wangu Wanjiku alirudi kutoka Mombasa na homa. Alipimwa malaria, haikuonekana. Daktari akashuku dengue, akatuonya alale ndani ya neti hata mchana: mbu akimuuma yeye kisha amuume jirani, jirani naye anaweza kuugua. Nikasoma kila kitu kwenye simu. (Kusoma nusu siwezi.) Mbu wa dengue huuma mchana, na hutaga kwenye maji safi yaliyotulia.

Saa nne asubuhi, ploti kimya, Wanjiku akafungua macho.

"Kuna kitu kinaimba chini yangu."

"Ni homa. Lala."

Nikasikiliza. Kilikuwa kinaimba kweli. Sauti nyembamba, inakuja, inakoma, kana kwamba nayo inatusikiliza. Kisha mbu mwenye madoa meupe miguuni akatua kwenye neti, juu kidogo ya pua yake. Akangoja.

Nikatoka mbio hadi kwa Mama Brayo, jirani yetu. Pipa lake la maji lilikuwa wazi, na nilishamwambia mara tatu alifunike. Nikalisukuma. Maji yote chini. (Maji ya mfereji hutoka Alhamisi peke yake. Leo ni Jumamosi.)

Mama Brayo akatokea, kifuniko mkono mmoja, sufuria mkono wa pili. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilikuwa nachota ya uji," akasema. "Na pipa nililisugua juzi, vile ulinifundisha. Sasa hao mbu wako wanatoka wapi, daktari wa simu?"

Akaingia kwangu, majirani watatu nyuma yake. Akapiga magoti, akamulika chini ya kitanda.

"Njoo usalimie watoto wako."

Kila mguu wa kitanda ulisimama ndani ya mkebe wa maji, kunguni wasipande. Niliiweka mwenyewe mwezi jana. (Maji safi. Nilipima hata kimo, yalingane.) Ndani yake viluwiluwi walikuwa wakijipinda na kujinyoosha, wengi, bila sauti. Nilikuwa nimemlaza mgonjwa juu ya kitalu cha mbu.

"Si nilikwambia?" Wanjiku akasema ndani ya neti.

Mikebe nimeimwaga na kuisugua, maana mayai hunata kandokando. Sasa niko foleni ya kisima na mitungi ya Mama Brayo, safari ya tatu. Amesema pipa likijaa nitalifunika mimi, yeye akisimamia.

Ukinipita hapa nisalimie tu. Usiniulize chochote kuhusu mbu.