Cheti cha Kupumzika

Idara ya Utayari wa Kurejea Shuleni ilikuwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, kuanzia muhula huo, hakuna mtoto atakayeingia darasani bila Cheti cha Mapumziko Kamili. Tangazo lilibandikwa kwenye kila ukuta uliokuwa na nafasi, na kwenye kuta chache zisizokuwa nayo. Na msidhani ni jambo lililokurupukiwa. Utafiti ulifanyika. Maofisa wanne walikaa nyuma ya darasa moja siku ya kufungua shule, wakahesabu miayo mia moja na kumi na saba kabla ya saa nne. Baadaye iligundulika kwamba sitini kati ya hiyo walipiga maofisa wenyewe, lakini takwimu ilikuwa imeshachapishwa, na serikali yenye heshima zake haiwezi kuanza kuhesabu miayo upya.

Kwa hiyo ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye nia njema. Watoto walirudi shuleni wamechoka kwa sababu hawakujua kupumzika. Dawa yake ni kuwahakiki. Atakayeonekana hakupumzika sawasawa, arudishwe nyumbani akaianze likizo upya, siku zote ishirini na moja, chini ya uangalizi wa mzazi.

Habari hizi zilimfikia Mama Pini akiwa kwenye cherehani, pini tatu mdomoni na rundo la mashati ya shule miguuni. Yeye alikuwa fundi wa sare. Kibanda chake kilitazamana na lango la shule, na bintiye wa miaka tisa aliitwa Pini na mtaa mzima kwa sababu alikuwa mwembamba na hakai mahali bila kumchoma mtu kwa maswali.

Sasa huyu Pini alikuwa na jambo lake. Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alimwita mbele ya wenzake akamwambia, "Muhula ujao kengele utapiga wewe. Ila siku ya kwanza, saa moja na nusu, uwe hapa. Usipokuwepo nampa mwingine." Tangu siku hiyo mtoto hakuwa na raha wala majirani hawakuwa na amani. Kijiko kwenye mfuniko wa sufuria, asubuhi na jioni: polepole kwa kuingia darasani, haraka haraka kwa kwenda kucheza. Mkoba aliupanga wiki mbili kabla. Penseli alizichonga mpaka zikabaki za kushikwa na kucha.

Mama Pini akasema moyoni, mtoto aliye tayari kama huyu, hicho cheti tutakichukua huku tunatembea. Jumatano akampigia sare pasi, wakaenda.

Jopo lilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mpole kupita kiasi, sauti yake kama ya mtu anayetoa pole msibani.

"Likizo ulikuwa unaamka saa ngapi, mwanangu?"

"Saa kumi na mbili," Pini akajibu.

"Nani alikuwa anakuamsha?"

"Hakuna. Usingizi ulikuwa umeniisha."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akaandika: usingizi huisha kabla ya muda.

"Na mchana ulifanya nini?"

"Nilimsaidia mama vifungo. Nimeshona mia mbili na arobaini!"

Mwenyekiti akaandika neno moja, akalipigia mstari: ajira.

"Swali la mwisho. Je, unatamani kurudi shule?"

"Sana!" Pini akasema, na uso wote ukamwaka.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma. Mwongozo wa uhakiki ulisema bayana: mtu aliyepumzika barabara hatamani kurudi. Anayetamani kurudi, hiyo ni dalili kwamba mapumziko hayajamwingia. Akaandika: Hajapumzika. Arejeshwe nyumbani.

"Jamani!" Mama Pini akaruka. "Mtoto huyu hata ukimwambia aende sasa hivi anakimbia! Mkoba uko mlangoni wiki ya pili hii!"

"Ndiyo dalili zenyewe, mama," mwenyekiti akasema kwa upole. "Umefanya vizuri kumleta mapema."

Nje kwenye foleni alikuwepo fundi baiskeli mmoja, amembeba mwanawe begani, cheti amekishika mkononi kimefungwa utepe. Mama Pini akamuuliza amewezaje.

"Dada, wala sikufanya kitu," yule akasema. "Walimuuliza jina lake, akakoroma. Wakasimama wote watatu wakanipa mkono."

Pini hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alimshika mama yake upindo wa gauni, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimekosea wapi?" Mama Pini akamvuta karibu. Hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka moto. Siku ishirini na moja! Kengele ingekuwa mikononi mwa mtoto mwingine, na huyu wake angekuwa amekaa kibandani anaisikiliza kutoka ng'ambo ya barabara.

"Hujakosea popote," akamwambia. "Kaa hapo kwenye benchi. Ngoja nisome."

Waraka wote ulikuwa umebandikwa ukutani, kurasa kumi na nne. Watu walikuwa wanauegemea tu wakisubiri kuitwa. Mama Pini akausoma kama anavyokagua nguo ya mteja mkorofi: anashika uzi mmoja anaufuata mpaka mwisho, haruki hata tundu. Alipofika kifungu cha nne akasimama. Akakisoma tena. Akakisoma mara ya tatu, kidole kikiwa kwenye karatasi.

Karani wa rufaa alikuwa ameketi kwenye kidirisha cha karibu, muhuri umening'inia shingoni kwa kamba. Ofisi nzima ilimwita Bibi Likizo. Sababu ni aibu yake inayojulikana: kila mwaka alichukua likizo yake, siku zote ishirini na nane, hata nusu siku ya mwisho hakuwaachia. Mkurugenzi alikuwa akimtaja mikutanoni kama mfano wa uzembe.

"Shikamoo, bibi," Mama Pini akasema. "Hiki kifungu cha nne mbona kinasema mtu yeyote? Si waraka wa watoto?"

Bibi Likizo akamtazama juu ya miwani. "Marahaba. Rasimu yangu ilisema mtoto. Mkurugenzi akaifuta kwa kalamu nyekundu. Alisema, waraka wa watoto watupu, mimi nitaonekanaje mbele ya wakurugenzi wenzangu? Akaandika mwenyewe: mtu yeyote mwenye mahali pa wajibu, awe mdogo au mkubwa."

"Ahaa."

"Rufaa anasikiliza mwenyewe, Ijumaa," Bibi Likizo akaendelea huku anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Na kila neno linalosemwa kwenye rufaa linaandikwa. Kila neno, mwanangu."

Mama Pini alirudi nyumbani akashona mashati kumi na mbili bila kuinua kichwa.

Ijumaa wakaingizwa ofisini kwa Mkurugenzi. Mtaani walimwita Bwana Utayari, naye alilipenda jina hilo. Ukutani kwake zilining'inia tuzo kumi na moja ndani ya fremu za dhahabu, zote za namna moja: Mtumishi Asiyechoka. Zote alijitunuku mwenyewe, kwa kuwa kamati ya tuzo ilikuwa na mjumbe mmoja. Bibi Likizo alikaa pembeni, kalamu tayari.

Mama Pini akaingia kwa unyenyekevu ambao wateja wake wasingeutambua.

"Mheshimiwa, mimi fundi cherehani tu, mambo makubwa siyajui. Mwanangu ameambiwa hakupumzika, nami nimekubali kwamba sijui kumpumzisha mtoto. Nikasema bora nije kwa bingwa. Wewe mwenyewe, ukipata likizo yako, unapumzikaje?"

Mkurugenzi akacheka mpaka kiti kikalia.

"Mimi? Mama, mimi sijachukua likizo miaka kumi na moja!"

"Hata siku moja?"

"Hata nusu siku! Siku ya harusi yangu nilipita hapa kwanza kusaini barua. Bibi harusi akanisubiri kwenye gari."

"Makubwa haya!" Mama Pini akapiga kofi. "Mheshimiwa, hilo lisipotee bure. Si liandikwe, watu wajifunze?"

"Liandike," Mkurugenzi akamwamuru Bibi Likizo. "Kwa wino mweusi. Na wewe mwenyewe ulisome mara mbili, likusaidie."

Likaandikwa. Akaletewa, akasaini, na chini ya saini akachora ule mkia wake mrefu wa siku za furaha.

"Ahsante, Mheshimiwa," Mama Pini akasema. "Sasa, bibi, hebu tusomee kifungu cha nne."

Bibi Likizo akasimama. Akasoma kwa sauti ileile anayosomea majina ya waliokosa nyaraka: "Mtu yeyote mwenye mahali pa wajibu, awe mdogo au mkubwa, asiye na ushahidi wa kutumia siku zake zote za mapumziko, haruhusiwi kuingia mahali hapo. Arudishwe nyumbani mara moja, na siku zote alizoziruka zihesabiwe."

Saa ya ukutani tu ndiyo iliyoendelea na kazi.

"Hiyo ni ya watoto," Mkurugenzi akasema.

"Mtoto ulimfuta, Mheshimiwa. Ninayo rasimu hapa, na alama za kalamu yako nyekundu."

"Basi nautengua waraka wote! Sasa hivi! Lete karatasi!"

"Kutengua kunahitaji saini ya Mkurugenzi aliye kazini."

"Mimi niko kazini, we mama! Hunioni?"

"Ninakuona," Bibi Likizo akakiri. "Lakini kwa kifungu cha nne hupo. Kuonekana kwako hapa ni ukiukaji, nimeshauandika. Siku ishirini na nane mara miaka kumi na moja, ni siku mia tatu na nane. Nimekutengenezea barua. Inahitaji tu kupokelewa."

Mkurugenzi akamgeukia Mama Pini, Mama Pini akaangalia dari. Akamgeukia Pini, na Pini, ambaye tangu aingie alikuwa amebana maswali yake yote, likamponyoka moja: "Mzee, na wewe umekosea wapi?"

Aliuliza kwa huruma ya kweli. Mkurugenzi akazitazama tuzo zake ukutani.

"Nani atakaimu?" akauliza mwishowe, kwa unyonge.

Kifungu cha kumi na mbili kilikuwa na jibu, kwa sababu nacho Mkurugenzi alikiandika kwa mkono wake, akiamini kingemhusu mtu mwingine. Ofisi ikibaki wazi, itakaimiwa na ofisa aliyepumzika kuliko wote. Hapakuwa na haja ya kupiga kura. Bibi Likizo alivua miwani, akaipangusa, akazunguka meza, akaketi. Alikijaribu kile kiti kwa mgongo, kulia na kushoto, akaonekana kuridhika.

"Rufaa inaendelea," akasema. "Wewe binti, njoo karibu. Ulipokuwa unashona vifungo na mama yako, ilikuwaje?"

"Alikuwa ananisimulia habari za wateja," Pini akasema. "Kuna mmoja alileta suruali ya mumewe ipunguzwe bila mwenyewe kujua, ili aone amenenepa aache kula ovyo. Tulicheka mpaka nikajichoma kidole!"

Bibi Likizo akaandika polepole: Amepumzika. Akauvuta muhuri kwa kamba yake, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye karatasi kwa kishindo cha miaka mingi. Kisha akainua kichwa. "Nje kuna wangapi?"

"Arobaini na wawili," Mama Pini akasema.

"Waingie wote kwa pamoja. Mimi saa kumi naondoka."

Mama Pini alitoka mpaka nje akiwa amemshika Pini mkono. Alipofika chini ya ngazi akamkumbatia mwanawe, akalia mbele ya watu, wala hakujali.

Jumatatu asubuhi, siku ya kufungua shule, Mkurugenzi alitoka nyumbani kwake saa moja, suti na mkoba, kama siku zote. Mkewe alijaribu kumzuia. Mabinti zake wawili walikuwa wameketi wanakunywa chai, wakamtazama kwa udadisi, kwa sababu hawakuwa wamezoea kumwona kwenye mwanga. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka lango la Idara, ambalo halikuwa mbali na la shule. Askari wa lango akampigia saluti, kisha akanyoosha mkono, si wa kusalimia.

"Shikamoo, mzee. Cheti."

"Unanijua mimi."

"Nakujua sana, mzee. Ndiyo maana nimepewa picha yako." Kweli ilikuwa imebandikwa kwenye kibanda chake cha ulinzi, karibu na ratiba ya zamu.

Mkurugenzi akashusha mkoba chini. Ng'ambo, watoto walikuwa wamejaa uwanjani na sare zenye mikunjo mipya, na katikati yao kilikuwepo kitu chembamba kimesimama chini ya kengele, mikono miwili kwenye kamba, kinamtazama mwalimu mkuu bila kupepesa.

"Na zikiisha hizo siku mia tatu na nane," Mkurugenzi akasema, "nitarudi?"

"Utapita kwenye jopo kwanza, mzee. Kuna maswali machache tu."

"Maswali gani?"

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. Kengele ikalia, polepole, ya kuingia darasani, nzuri mno, na mtaa mzima ukajua ni mkono wa nani.

"La mwisho ndilo muhimu," askari akasema ilipotulia. "Wanauliza kama unatamani kurudi kazini."

"Sana!" Mkurugenzi akasema, machozi yakimlengalenga.

Askari akatikisa kichwa kwa huruma, akachomoa kalamu sikioni, akafungua daftari.