Kipande cha Katikati

Jumamosi, 4 Mei

Siku njema. Nimejitosa! Bado sijui vizuri nimejitosa ndani ya nini, lakini nimejitosa.

Tulikutana sebuleni kwa mama mkwe. Nesi wa wodi ya mapafu anastaafu baada ya wiki mbili. Kila nyumba ya mtaa wetu iliyowahi kuwa na mgonjwa wake pale itatoa kipande kimoja cha mraba, cha kufuma kwa kulabu, na mama mkwe ataviunga vyote viwe blanketi la kumuaga. Vipande vikagawanywa bila ugomvi. Kikabaki kimoja, cha katikati. Mama mkwe akasema hicho kiwe cha mtindo wa misuko, ile inayotuna na kupishana kama nywele zilizosukwa. Fundi Saa, jirani yetu, akakohoa. Namjua Fundi Saa. Akikohoa hivyo anataka kunyanyuka. Nikanyanyuka kabla yake. Nikasema cha katikati niachieni mimi.

Mke wangu akatazama sakafu. Fundi Saa akaniuliza kwa upole, ule upole wake wenye sumu, kama nimewahi kushika kulabu. Nikamjibu kwamba mimi ni mwoka mikate, nasuka unga kila siku ya Mungu, na msuko ni msuko.

Sababu yenyewe niiandike hapa, maana kwa mdomo haitoki. Mwaka jana mke wangu alilazwa pale, pumzi inakuja kwa kuvizia. Nesi yule ndiye aliyemkalisha, akamgeuza, akamfundisha kupumua upya, hadi akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Tangu hapo kila nikikutana naye nataka kusema asante. Naishia kumwambia kwamba leo jua kali. Basi nitaisema kwa uzi, tena katikati kabisa, ambapo hawezi kuikosa.

Namshukuru Mungu kwa kunipa miguu mepesi.

Jumapili, 5 Mei

Mpango wa kwanza. Mzuri ajabu! Nitamwomba mama mkwe anifundishe. Ataonyesha. Nitajitia mzito wa kuelewa. Ataonyesha tena. Somo likiisha, kipande kitakuwa kimeisha pia, na mikono iliyochoka si yangu.

Nimekwenda na mkate wa maziwa. Nikakaa kwa adabu, magoti pamoja. Akafuma mstari mmoja. Nikasema sijaelewa, mama. Akaufumua wote, akaanza upya. Nikasema bado, mama. Akaufumua tena, bila hata kuguna. Mwanamke ana subira ya kutisha! Jua linazama tulikuwa na mnyororo mmoja tu wa vitanzi, ule wa kuanzia, na huo niliufuma mimi.

Kwenye kuagana akanishukuru kwa mkate. Akasema ni bahati kupata mkwe anayetaka kujua jambo hadi ndani. Nikaona haya. Kidogo. Lakini namshukuru kwa dhati, sasa najua kulabu inashikwa upande gani.

Jumanne, 7 Mei

Kwa nini nilikuwa najitesa? Kusuka ndiyo kazi yangu!

Nimefuma minyororo mitatu mirefu. Nikaisuka juu ya meza ya unga, kama nisukavyo mikate ya sherehe. Nikaishonea juu ya kipande bapa ambacho mke wangu alikianza zamani akakitelekeza. Ikatuna! Ikanenepa! Nikaibeba kwa mama mkwe huku nikipiga mluzi.

Aliigeuza mbele na nyuma. Akaniuliza, kwa heshima zote, mkono unapitia wapi. Alidhani ni mkoba.

Na nani alikuwa amekaa pale na kikombe cha chai? Fundi Saa. Akavaa ile lenzi yake ya jichoni, akainama, akatangaza kwamba unga uliomo ni wa daraja la kwanza. Mke wangu, aliyekuwa amenifuata, alicheka hadi akashika mbavu. Zile mbavu. Mwaka jana asingeweza kucheka hivyo, angekohoa hadi aishiwe nguvu. Nikasimama pale na mkoba wangu, nimeaibika, na bado nikashukuru kuisikia sauti ile.

Mama mkwe akasubiri kicheko kiishe. Ndipo akaniambia, "Baba, msuko haubandikwi. Unaota ndani ya kitambaa."

Alhamisi, 9 Mei

Nimejifunza. Kwa kweli kabisa! Sikuwa na mpango mwingine.

Siri ni shina. Kishono, yaani fundo moja la uzi, kina kichwa na kina shina. Mtu wa kawaida anachomeka kulabu kichwani. Ukitaka msuko, unaizungusha kwenye shina lenyewe, inaingia upande huu na kutokea upande ule, na kishono kinatoka mbele kama mtu aliyevutwa mkono kutoka kwenye foleni. Kisha unaviruka viwili, unafuma viwili vinavyofuata, unarudi nyuma kuvichukua ulivyoviruka, ukivipitisha mbele ya wenzao. Hapo ndipo vinapishana.

Mara ya kwanza nilivisahau nilivyoviruka. Mara ya pili nikavipitisha nyuma. Mara ya tatu vikapishana! Nikapiga kelele. Mama mkwe akashtuka, akamwaga chai, halafu akatabasamu. Akasema hata marehemu baba mkwe alipiga kelele hivyo hivyo alipofaulu, na kwamba hajamfundisha mtu tangu siku zile. Nilifuta chai.

Ijumaa, 10 Mei

Mstari baada ya mstari. Nafuma unga ukiwa unaumuka. Vidole vina malengelenge, navishukuru pia, vimejikaza.

Nilimwonyesha mke wangu usiku tukila. Akapitisha kidole kwenye msuko, taratibu. Akasema kizuri. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulipenda.

"Si uende tu ukamwambie asante?"

Nikamweleza kwamba asante ya mdomo inapeperuka, ya uzi inafuliwa na kuanikwa na kudumu. Akasema sawa. Ile sawa yake.

Fundi Saa amepita dukani ninakofanya kazi. Alinunua mkate mdogo na kuondoka na swali kubwa: kipande kinaendeleaje? Nikamwambia kinaendelea vizuri mno. Akasema na yeye anafuma kimoja cha misuko, cha akiba tu, endapo. Endapo nini? Hakumalizia. Mtu mwenye kijiba cha roho haishi kukaa macho.

Jumatatu, 13 Mei

Kimekwisha! Misuko mitatu imetuna, imepishana, imenyooka. Nimekaa nikikitazama hadi mikate ya asubuhi ikaungua pembeni. Wateja wamevumilia. Nawashukuru wateja.

Mchana balaa. Nimekilaza juu ya kipande cha nyumba yetu, alichofuma mke wangu, kupima. Ni kidogo! Kinakosa vidole viwili kila upande. Nimekimbia kwa mama mkwe roho juu. Akasema pole, alidhani nimeelewa: misuko inapovutana inakula upana, kwa hiyo mtu huanza na mnyororo mrefu zaidi. Alikuwa ameniambia siku ya kwanza. Siku ile nilikuwa najitia sielewi, na kumbe nilikuwa kweli sielewi.

Akasema dawa yake rahisi, nikizungushie ukingo wa vishono vya kawaida, kazi ya jioni moja. Nikashukuru. Nikasema nitafanya hivyo. Lakini njiani nikafikiri: ukingo utaonekana ni kiraka! Nesi atajua nilikosea. Je, haiwezekani kwamba kipande changu ni sawa, na vyote vingine ndivyo vikubwa mno?

Nikapita nyumba kwa nyumba na rula. Nikawaeleza majirani kwa upole kwamba vipande vyao vimezidi, wavipunguze kidogo. Wawili walikwishaanza kufumua, watu wema kabisa. Kisha nikafika kwa Fundi Saa. Akatoa rula yake ya shaba, akailaza kando ya yangu, akanitazama kwa lile jicho la lenzi. Akavaa viatu, akapita nyumba zile zile nyuma yangu, akiwaambia wasipunguze chochote.

Jumanne, 14 Mei

Mimi ni mwoka mikate. Kitu kikiwa kidogo, mwoka mikate hakiongezei ukingo. Anakiumua!

Nimekilowesha. Nikakinyoosha juu ya sinia, nikakibana pembe zote kwa vibanio vya nguo hadi kikafikia kipimo. Nikakiweka kwenye kabati la kuumulia, kati ya mikate. Mikate ikapanda. Kipande kikabaki vile vile, kimeloa tu, na nikiachia vibanio kinajikunyata. Basi nikaona joto halitoshi. Nikakisogeza mdomoni mwa tanuri, kwa muda mfupi sana, muda wa kutoa sinia moja na kuingiza nyingine.

Ole wangu! Uzi huu si wa manyoya ya kondoo, ni ule wa kiwandani, na joto unaliogopa. Kimetoka kikubwa kama nilivyotaka, tena kimezidi. Lakini misuko imelala. Yote! Imelala chali, bapa, inang'aa, kama njia ya gari kwenye tope. Nimeivuta kwa vidole. Nimeipulizia. Nimeiomba. Haikuamka.

Nimekaa juu ya gunia la unga nikalia kidogo. Siandiki hili kwa kujisifu. Siku zile zote wodini sikulia, nilikuwa nahesabu pumzi za mke wangu na sikuwa na nafasi. Leo nimelia kwa ajili ya uzi.

Ijumaa, 17 Mei

Siku ya kuunga. Nilikwenda wa mwisho. Mama mkwe alikishika kipande changu kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Aliuliza nimekifanya nini. Nikamwambia. Akafumba macho.

Muda wa kufuma kingine haupo. Fundi Saa akatoa chake cha akiba. Lazima niseme haki: kinatisha kwa uzuri. Kila msuko umesimama kama askari. Kikaenda katikati. Changu kikapelekwa pembeni kabisa, upande wa miguuni. Mama mkwe angeweza kukiacha nje, na hakukiacha. Nilimshika mikono nikamshukuru. Akasema hakuna kipande cha mtaa huu kitakachobaki nje ya blanketi lake.

Fundi Saa naye akanisogelea. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake alifia katika wodi ile, na Nesi alikaa naye hadi mwisho, na kwamba ndiyo maana alikitaka cha katikati. Sikuwa najua. Miaka yote ya ujirani, sikuwa najua. Nikampa mkono. Akaushika.

Hata hivyo, blanketi lazima likunjwe. Na anayelikunja ndiye anayeamua upande upi uonekane. Nimejitolea kulikunja na kulibeba mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Nimelikunja kwa ustadi. Pembe ya miguuni juu, kipande changu usoni kabisa. Fundi Saa aliona. Alikohoa, lakini akaniacha. Namshukuru kwa kikohozi kisichoendelea.

Ukumbi wa hospitali ulijaa. Nesi alikaa mbele, bila sare, kwa mara ya kwanza namwona hivyo, mdogo kuliko nilivyomdhania. Nikamkabidhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi. Ilipotea yote. Nikasema leo jua kali.

Akalifungua, akajifunika mabegani, na kwa kuwa nililikunja kinyume, alilivaa kinyume. Cha Fundi Saa kikaenda mgongoni. Upande wa miguuni ukamfika shingoni, na kipande changu kilicholala kikamgusa shavu. Akakinusa. Akauliza mbona hiki kinanuka mkate.

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alisimama karibu nami, akinitazama tu, anapumua. Kuingiza, kutoa, bila shida yoyote. Sijui ni kitu gani kilifunguka.

Nikasema, "Asante kwa kunirudishia mke wangu."

Ilitoka kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu anayeita basi. Nesi akanivuta mkono hadi nikainama.

"Watu walinishukuru nikiwa kazini, nikawa napita tu kwa haraka," akasema. "Leo sina haraka. Nimeisikia, baba."

Nililia tena. Fundi Saa alinipa leso yake. Alikuwa ameitumia kwanza yeye.

Jumapili, 19 Mei

Nimeamka mwepesi kama pamba. Kumbe asante inasemwa kwa mdomo, inachukua muda mfupi kuliko kumeza mate, na haihitaji tanuri! Nimemwambia mke wangu ugunduzi huu. Akasema sawa.

Lakini kuna jambo dogo. Jana, baada ya kulia, katika furaha ile, Nesi alisema blanketi ni zuri ila kitanda chake ni kipana. Nikasikia mtu akisema kwa sauti ya kujiamini kwamba atamfumia tandiko la kitanda kizima, misuko mitupu kutoka kichwani hadi miguuni, na litakuwa tayari kabla ya mwisho wa mwezi. Nikageuka kuangalia nani. Kumbe ni mimi.

Mama mkwe alikaa chini. Fundi Saa akaniuliza kama nataka msaada. Nikamwambia asante sana, ndugu yangu, lakini hapana, ninao mpango.

Mashine yetu ya kukandia unga ina mkono wa chuma unaozunguka wenyewe. Kesho asubuhi, kabla mwenye duka hajafika, nitaufungia kulabu. Namshukuru Mungu kwa umeme.