Arobaini na Mbili kwa Kila Insha

Jumatatu, 13 Aprili

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimwonyeshe mtu hata neno moja. Hata mama yangu. Hasa mama yangu! Ameshalitangazia jengo zima kwamba mwanawe ni ofisa wa elimu. Ukweli: mimi ni karani wa muda. Nafasi ya kudumu ni moja, na tunaigombea wawili, mimi na Shi Qiuyan wa meza ya dirishani. Mkuu wetu, Bwana Teng, ataamua Ijumaa.

Leo wasahihishaji wameanguka kwa mafua. Bwana Teng akasema makarani nao walisoma chuo kikuu, kwa hiyo wakae kwenye kompyuta wasahihishe. Insha za mtihani wa mazoezi wa wilaya, mia tisa, swali moja. Katika mchezo mmoja wa kuigiza wa kale, binti wa muuza tofu anauacha mwavuli wake darajani na kuingia mahakamani amelowa. Mwavuli una maana gani?

Kila insha inasomwa na watu wawili wasiojuana. Alama zao zikipishana zaidi ya sita kati ya sitini, inaamua kamati, na aliyekosea anaandikiwa doa. Madoa matatu, kwaheri ofisi. Karibu kiwanda cha siki cha mjomba.

Jumanne, 14 Aprili

Insha mia na sitini. Kichwa kinaniuma! Nyingi zinaanza "Tangu enzi za kale". Kisha wananisimulia mchezo mzima kana kwamba nilizaliwa jana, na mwavuli wanaukumbuka mstari wa mwisho. Mwavuli ni ukandamizaji. Mwavuli ni upendo wa mama. Mama gani? Binti hana mama! Mmoja kaandika mwavuli ni uchumi. Wote wanamalizia na "sisi vijana wa leo".

Huyo wa uchumi nikampa kumi na tano. Doa! Mwenzangu asiyejulikana alimpa arobaini na mbili. Mwingine aliandika kama malaika, nikampa hamsini na tano. Doa! Mwenzangu: arobaini na mbili.

Nimeelewa. Nina mpango.

Jumatano, 15 Aprili

Insha mia nne. Sisomi. Nabonyeza nne, nabonyeza mbili. Nakunja uso, nionekane nafikiri. Mara mojamoja nahema.

Saa nane Bwana Teng akapiga makofi. Akatangaza kwamba mimi, Kuang, na Shi hatujapishana hata alama moja tangu asubuhi. "Pacha hawa! Nyinyi wengine mnasoma kwa macho gani?"

Shi! Mwenzangu ni Shi!

Akanibana penye mtungi wa maji ya moto. "We Kuang, unaning'ang'ania mimi nini? Tafuta namba yako!" Nikamwambia, dada Shi, hiyo namba haina jina la mtu. Akaniita gundi. Nilijaza chai yangu, nikarudi kubonyeza.

Alhamisi, 16 Aprili

Msiba. Mwalimu wa shule moja amepiga simu kulalamikia alama ya mwanafunzi wake. Bwana Teng akatusimamisha mbele ya ukumbi na kusoma insha kwa sauti, yote, kwa kuwa ilikuwa fupi:

"Mheshimiwa msahihishaji, mwalimu anasema mwavuli ni upendo wa mama. Mimi namwona binti amelowa tu, na namwonea huruma. Kwa nini aliuacha? Kweli sijui. Kama unasoma hapa, tafadhali niambie."

Mimi: arobaini na mbili. Shi: arobaini na mbili.

Bwana Teng hakufoka. Afadhali angefoka! Alisema kila mmoja aandike insha ya kujikosoa, maneno mia nane, aisome kesho mbele ya ofisi, na amjibu mtoto huyo. Atakayejikosoa vizuri zaidi ndiye atakayebaki.

Ijumaa, 17 Aprili

Niliandika kwa moyo wote. "Tangu enzi za kale, binadamu wameuheshimu ukweli." Nikasimulia wiki nzima. Nikafafanua kwamba kitufe cha nne ni ishara ya uvivu wangu. Nikamalizia: sisi makarani vijana wa leo. Uzuri wake ulinitoa machozi.

Shi akasoma kwanza. "Tangu enzi za kale..." Mwizi!

Bwana Teng alitusikiliza hadi mwisho, akafumba macho, akatupa alama papo hapo. Arobaini na mbili kila mmoja. Nafasi haina mtu. Sote tunabaki wa muda miezi sita mingine.

Sijafukuzwa! Nilisema mimi, namba hiyo haimwangushi mtu. Mtoto naye nimemjibu: mwavuli ni upendo wa mama.

Ukitaka kunirudishia daftari, njoo ofisi ya elimu saa nne asubuhi, wenzangu wakiwa uani kwenye mazoezi ya viungo. Mlango wa nyuma, gonga mara mbili. Ukikutana na Shi, sema umekuja kutengeneza printa. Kama una insha, usijisumbue kuileta. Alama yako ninayo tayari.